Yule fundi wa njia ya Kipushi, munamujua, AMENITUKANA MBELE YA BATOTO YANGU

Bantu ba Lushi, Lubumbashi yetu, hasira niliyo nayo leo inaweza kuivisha bukari (ugali) bila makala. Jina sitaji. Ovaroli ya bulu, munamujua.

Masini yangu ya kufunga majani ya ng'ombe ilikuwa inafunga kamba moja, ya pili inaachia. Akaja, akafungua giya, akarudisha bila kuangalia alama za kulinganisha meno, akakula dola 80. Mzunguko wa kwanza: sindano za kupitisha kamba zinapanda, pistoni ya kushindilia majani inakuja, KRAA! Kipande kimoja cha sindano naamini kimeshavuka mpaka wa Kasumbalesa.

Namuuliza, papa, imekuwaje? Bibi yangu yuko pale, batoto wako pale. Akajibu: "Masini ni mzima. Mutu asiyejua kufunga kamba ya viatu atafungaje majani?"

Kamba ya viatu! Na mimi nimevaa kandambili! Tena NIKAANGALIA CHINI. Niliangalia chini kama vile kuna kamba! Mdogo alicheka mpaka akaanguka. Dola 80, sawa. Sindano, sawa. Lakini kuangalia chini?

Yaya wa Katuba: Kandambili karibu na masini inayozunguka? Fundi alikuhurumia.

Mukubwa Trakta: Bulo (bolti) ya gurudumu zito la masini ilikatika? Ile ni laini makusudi, ikatike mbele ya sindano.

Mwenye uzi (mimi wa kandambili): Aliweka ngumu. Akasema "hii haitakukatikia tena." Kweli haikukatika.

Mukubwa Trakta: Njo hiyo. Zima trakta, zungusha gurudumu kwa mkono, polepole. Sindano zikipanda lazima zikute mifereji ya pistoni. Giya ikiruka jino moja tu, zinagongwa. Kipimo kiko ndani ya kitabu cha masini. Halafu kamba moja ikiachia na ya pili inafunga, giya haina makosa, sindano zote zinapanda pamoja. Tazama kishikio cha ile kamba inayoachia, pengine kimelegea.

Mwenye uzi: Kumbe giya hakupashwa hata kuigusa! Na bado nikaangalia chini!

Bukari Moto: Ng'ombe nao walicheka?

Mama Kamalondo: Afadhali wewe. Fundi cherehani wa soko ya Kenya, mtaa wa hapa Lushi, alinishonea kikwembe cha ndoa, mkono wa kushoto mrefu, wa kuume mufupi. Ati mkono wangu njo mufupi!

Bukari Moto: Ulipima?

Mama Kamalondo: Nilipima, ndiyo. Ni sawa. Karibu sawa.

Yaya wa Katuba: Mwenye kofia nyekundu? Kitambaa changu anakilalia tangu Noeli!

Mama Kamalondo: Njo yeye! Jumamosi saa tatu, tukutane pale. Leta mita.