Je, paneli ya sola hurudisha nishati iliyotumika kuitengeneza? Naomba ushauri

Mjumbe wa Bodi, Singida:
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Bodi ya shule yetu ya bweni imenipa jukumu la kuandika maelezo mafupi ya kutetea ununuzi wa paneli za sola. Mzee mmoja tunayemheshimu sana anashikilia kwamba paneli hula umeme mwingi zaidi kiwandani kuliko itakaouzalisha maisha yake yote, na kwamba tunachotaka kununua ni makaa ya mawe ya China yaliyovikwa kioo. Sipendi kumjibu kwa ubishi. Naomba hesabu inayoweza kusimama mbele ya kikao.

Fundi Mitambo:
Mzee ana chembe ya haki. Mwaka 2004, maabara ya NREL ya Marekani ilikadiria kwamba mfumo wa paneli za silikoni uliofungwa juu ya paa ulihitaji kama miaka 4 kurudisha nishati yake. Mlaji mkubwa ni silikoni yenyewe: mawe ya kwatzi huchomwa pamoja na kaboni katika tanuri la umeme, silikoni inayopatikana hugeuzwa gesi ili isafishwe, huganda upya juu ya fito zilizopashwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000, kisha huyeyushwa tena kwa nyuzi 1,414 ili livutwe gogo la fuwele. Zamani sehemu kubwa ya gogo hilo iliishia kuwa unga wakati wa kukatwa. Siku hizi hukatwa kwa waya mwembamba wenye chembe za almasi, na vipande vyenyewe havifiki hata unene wa robo milimita. Ndiyo maana taasisi ya Fraunhofer ISE ya Ujerumani hukadiria mwaka mmoja na miezi michache kwa kaskazini mwa Ulaya, na mwaka mmoja au pungufu kwa kusini.

Mama Nishati:
Nakubaliana na Fundi, ila uwe mwangalifu na kipimo. Katika hesabu hizo, umeme wa paneli hulinganishwa na mafuta ambayo yangechomwa kuuzalisha, kwa hiyo yuniti moja ya paneli huhesabiwa kama yuniti mbili au zaidi za mafuta. Mzee akiuliza, mwambieni wazi. Jua la Singida linawabeba: kilowati moja ya paneli Ujerumani hutoa takriban yuniti 1,000 kwa mwaka, ilhali kanda yenu inaweza kutoa 1,500 na ushee.

Mjumbe wa Bodi, Singida:
Nashukuru sana. Je, betri zimo katika hesabu hiyo?

Fundi Mitambo:
Hazimo, na hapo ndipo ningekaza macho. Wanafunzi wakiwa likizo, betri hujaa kufikia saa nne asubuhi, kontrola (kifaa kinachozuia betri kujazwa kupita kiasi) hukata, na paneli hukaa juani bila kazi hadi jioni. Muda wa kurudisha nishati hurefuka kwa sababu hiyo. Fungeni pampu ya kisima ifanye kazi mchana, tangi lijae kwa umeme ambao ungepotea.

Mama Nishati:
Na hoja ya makaa ya mawe msiifute. Paneli iliyotengenezwa kwa umeme wa makaa hubeba moshi mwingi kuliko iliyotengenezwa kwa umeme wa maji, hata kama nishati iliyotumika ni ileile. Iandikeni katika aya yake, mbali na hesabu ya nishati.