Mrejesho: Mavazi ya baiskeli kwa baridi ya Limuru
Ndugu zangu, niliwauliza nivae nini ninapoendesha baiskeli alfajiri kutoka Limuru, mji ulio kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, hadi Nairobi, kwa kuwa nilikuwa nikichubuka mapaja na kutetemeka kwenye miteremko. Kaptula yenye sponji, ikivaliwa bila chupi na kufuliwa kila baada ya safari, imeondoa michubuko, kwani hakuna tena mshono unaosugua ngozi iliyolowa jasho. Fulana ya pamba, ambayo hushika jasho na kukupoza upepo unapovuma, nimeibadilisha kwa ya poliesta, na juu yake navaa kizibao cha kuzuia upepo chenye mistari ya kuakisi mwanga. Hicho, kwa maoni yangu, ni muhimu kuliko jezi yoyote ya bei ghali. Glavu zinazonitosha bado nazitafuta.