Laptopu ya kazi za kila siku isiyokufa mapema: tupeane uzoefu

Mleta mada, Morogoro

Wakuu, habari za majukumu. Nina steshenari ndogo karibu na chuo hapa Morogoro. Kazi zetu mnazijua: kuchapa barua na ripoti, kuskani vyeti, kutoa kopi, kuwajazia vijana maombi ya kazi na ya mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi). Laptopu inawashwa saa moja asubuhi na kuzimwa saa tatu usiku, siku sita kwa wiki. Ndani ya miaka minne zimeshanifia mbili, na ya tatu sitaki kuinunua kwa kubahatisha.

Ya kwanza niliinunua mpya, ndani ya boksi lake, laki sita na nusu. Nyembamba, nyepesi, inapendeza. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, hifadhi GB 64. Muuzaji aliniambia kwa kazi za ofisi inatosha kabisa, nami nikaamini kwamba mpya ni mpya. Miezi minane haijaisha, Windows inataka kujisasisha na nafasi hakuna. Nikafuta picha, nikafuta mafaili ya zamani ya wateja, bado. Msimu wa maombi ya mkopo ukaingia, vijana wamepanga foleni hadi barazani, mimi nimefungua kurasa tatu tu na mshale hausogei. Kulikuwa na binti mmoja ametoka Mvomero na nauli ya siku hiyo tu. Alikaa tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri, akaondoka fomu yake haijawasilishwa. Lile liliniuma kuliko hela. Fundi alipoifungua akanionyesha: RAM imechomelewa kwenye mazabodi (bodi kuu), hifadhi nayo imechomelewa. Hakuna cha kuongeza wala cha kubadilisha.

Ya pili ilikuwa used, laki nne na themanini. Kasi ilikuwa nayo, tatizo bawaba. Kila nikifungua kioo nasikia "ka!" na kona ya kushoto inapanuka. Nikaizoea ile sauti. Siku moja kioo kikaingia giza: vijiti vya plastiki vilivyoshika skrubu za bawaba vilikuwa vimeng'oka vyote, bawaba ikaula waya wa kioo taratibu hadi ukakatika.

Sasa nina laki saba. Sihitaji ya gemu wala ya kuhariri video. Aliyetumia laptopu moja kwa kazi ya kila siku zaidi ya miaka mitatu atuambie ni ipi, aliipataje, na imemsumbua wapi.

Fundi, Kariakoo

Pole dada. Umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wengi. Natengeneza hizi mashine tangu 2011, na zinazofika mezani kwangu huwa zimeuawa na vitu vinne: bawaba, tundu la chaja, joto na kimiminika. Prosesa, ile chipu inayoendesha mashine, kufa yenyewe ni nadra sana. Kwa hiyo mtu anayeingia dukani na kuuliza "i5 au i7?" kabla hajashika bawaba, anaanzia mwisho.

Laki saba yako usiipeleke kwenye laptopu mpya. Kwa bei hiyo mpya utakayopewa ni ndugu yake ileile iliyokuliza. Tafuta zile zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad za mfululizo wa T. Makampuni ya Ulaya na Marekani huzinunua kwa mamia, wakishazitumia miaka michache wanazitoa zote kwa mkupuo, nyingi zinapitia Dubai ndipo zinafika kwetu. Kwa sababu zimekuja nyingi za aina moja, vipuri vyake vimejaa: kibodi, kioo, betri, bawaba, hata mfuniko wa chini. Huo ndio uimara ninaoujua mimi. Mashine inaharibika Jumatatu, Jumanne imerudi kazini.

Soma namba ya prosesa. Ikiwa i5-8250U, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi. Ikiwa i5-1135G7, hicho ni kizazi cha 11. Usishuke chini ya kizazi cha 8, kwa sababu Windows 11 rasmi inaanzia hapo, na Windows 10 Microsoft walisitisha msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025. Madukani bado ziko nyingi za kizazi cha 6 na cha 7, ngumu kweli, bei inashawishi. Kwako wewe unayefungua barua pepe za watu, vitambulisho vyao vya NIDA na akaunti zao za ajira siku nzima, usichukue.

Za 2018 ndizo ninazozipenda kwa bajeti yako: ThinkPad T480, EliteBook 840 G5, Latitude 5490. Zote tatu zina nafasi mbili za RAM za kuchomoa na kuchomeka. Hapo pana mtego. T480s, yenye s mwishoni, RAM yake sehemu imechomelewa. Na T490 iliyofuata nayo vivyo hivyo, imebakiwa na nafasi moja. Herufi moja tu, lakini kwa mtu anayetaka kuongeza RAM mwakani ni kubwa.

Dukani fanya hivi. Fungua kioo polepole ukiwa umekiinamia, sikiliza. Kisha ziangalie kona mbili za nyuma, pale kioo kinapokutana na kitako. Ufa wa plastiki utauona. Chomeka chaja, itikise kidogo, angalia taa haikatiki. Ikiwa ni Dell, katikati ya kichwa cha chaja kuna kisindano chembamba: hicho ndicho kinachoitambulisha chaja kwa laptopu. Chaja ya bandia au iliyovunjika kisindano, laptopu inawaka lakini betri haijazi na kasi inashuka. Watu wananiletea wakisema mashine imezeeka, nabadilisha chaja tu wanaondoka.

Mwalimu, Sengerema

Mimi nina Latitude ya 2016, mwaka wa tano huu. Mitihani, skimu za kazi, matokeo, yote humo. Ilikuja na ile hard disk ya kuzunguka. Nawasha, naenda kuchota maji, narudi bado inajipanga. 2022 nikaweka SSD, hifadhi isiyozunguka, ya GB 256. Tangu siku hiyo inawaka kabla sijavuta kiti. Kwa mwenye laptopu ya zamani na hela kidogo, aanzie hapo kabla ya kufikiria kununua nyingine.

Ila fundi amenigusa kwenye Windows 10. Yangu ni kizazi cha 6. Nimeweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, mwezi uliopita na LibreOffice ya kuandikia, naendelea kuizoea. Printa ya shule imekubali bila shida.

Mhasibu, Nairobi

Dada wa Morogoro, pole kwa yaliyokukuta. Laptopu hizi zilizotumika ng'ambo, huku kwetu zinaitwa ex-UK. Niliinunua moja katikati ya jiji, shilingi elfu thelathini na mbili, safi kabisa, haina hata mkwaruzo. Nikaitumia wiki tatu. Siku moja nikaamua kuifuta ianze upya, iwe yangu kikamilifu. Ilipounganishwa na intaneti wakati wa kuisajili, ikaniletea jina la kampuni fulani ya ng'ambo na kunitaka niingie kwa akaunti ya kazi ya huko. Hakuna njia ya kupita. Mwenye duka alikuwa ameiwasha bila intaneti ili kufuli lile lisionekane.

Nilirudi kwake mara nne. Mara ya tano nikaenda na ndugu yangu mkubwa, ndipo nikabadilishiwa.

Kwa hivyo, usiridhike kuiona inawaka. Mwambie muuzaji aifute na kuisajili upya mbele yako, intaneti ikiwa imeunganishwa, hata ikichukua saa nzima. Beba bando lako mwenyewe. Kisha zima, washa tena, ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache pale pale, hata akikupunguzia bei. Ile nywila haiondoki kwa kufuta Windows.

Mfasiri, Tanga

Naomba niongeze jambo ambalo sijaliona likitajwa: kibodi.

Kaka yangu yuko Hamburg. Aliniletea ThinkPad ya kazini kwao, mashine nzuri ambayo ninayo hadi leo, mwaka wa sita. Kibodi yake ni ya Kijerumani, na kwenye kibodi ya Kijerumani Y na Z zimebadilishana mahali. Kwa anayechapa Kiingereza ni kero ndogo, neno likikosewa anaona mara moja. Kwetu ni hatari kubwa, kwa sababu "ya" ni neno na "za" ni neno. Nilichapa "barua za maombi" nikikusudia "barua ya maombi", "nyumba za marehemu" badala ya "nyumba ya marehemu", na kompyuta haikupiga mstari mwekundu popote, maana yote ni Kiswahili sahihi. Ile ya nyumba ilikuwa hati ya mirathi. Wakili ndiye aliyeigundua, familia ikiwa imeshakaa tayari kutia saini.

Ukibadilisha mpangilio wa kibodi ndani ya Windows, herufi zinakaa mahali pake, lakini kilichoandikwa juu ya vitufe hakibadiliki. Mimi nilibandika stika, zikabanduka kwa jasho. Mwishowe nikanunua kibodi nyingine ya mashine ileile, fundi akaibadilisha mbele ya macho yangu. Kwa hiyo dada, kabla hujalipa tazama safu ya juu ya herufi: ikisomeka QWERTZ ni ya Kijerumani, ikisomeka AZERTY ni ya Kifaransa au Kibelgiji. Steshenari anachapa zaidi ya mtu mmoja. Wewe utazoea, msaidizi wako hatazoea.

Mpokea wageni, Mji Mkongwe

Assalaam alaykum. Sisi wa visiwani adui wetu ni chumvi. Ofisi yetu iko hatua chache kutoka baharini, madirisha wazi. Laptopu zetu hufa kwa kutu: kwanza skrubu za chini zinageuka rangi, halafu matundu ya USB yanakuwa magumu, mwisho mazabodi. Iliyodumu kwetu ni EliteBook, mwaka wa nne sasa, na haikudumu kwa jina lake peke yake. Jioni tunaifuta kwa kitambaa kikavu, inaingia ndani ya mkoba uliofungwa pamoja na vile vipakiti vinavyofyonza unyevu, vile vinavyokuja na viatu. Na haikai siku tatu bila kuwashwa. Ile iliyobaki kabatini msimu mzima wa masika, tulipoitoa haikuwaka tena.

Afisa mtendaji wa kijiji, Rukwa

Mtu wa umeme wa kukatika achunguze betri kabla ya yote. Fungua ile programu ya maandishi ya Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itatengeneza ripoti. Humo tafuta namba mbili: uwezo betri iliyotoka nao kiwandani na uwezo iliobaki nao sasa ikijaa. Ya kwangu nilipoinunua ilikuwa imebaki na nusu, muuzaji akanipunguzia elfu themanini papo hapo nilipomwonyesha namba hizo.

Natumia T480. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nje kwa nyuma, na ya nje unaichomoa huku mashine inaendelea kufanya kazi. Nina ya akiba. Umeme ukikatika mkutano wa kijiji ukiendelea, muhtasari haukatiki.

Ukiona pedi ya kipanya imeinuka au kitako kimevimba, betri imevimba. Izime, usiichome wala kuibonyeza, mpelekee fundi.

Fundi, Kariakoo

Mtendaji umesema vema. Niongeze kwenye umeme: unapokatika, chomoa chaja. Ukirudi, subiri dakika chache ndipo uchomeke. Madhara mengi ninayoyaona huja wakati umeme unarudi. Kile kifaa cha kulinda friji kinafanya kazi hata kwa laptopu.

Mleta mada, Morogoro

Wakuu, nimerudi kutoa mrejesho, na nawashukuru kutoka moyoni.

Jumamosi nilipanda basi la alfajiri hadi Dar, nina bando na daftari lenye maneno yenu. Duka la kwanza walikuwa na T480. Nikaomba kuingia kwenye BIOS, ikadai nywila. Kijana wa duka akasema hiyo haina shida. Nikashukuru nikatoka. Duka la pili EliteBook, bawaba ziko imara, ila safu ya juu inasomeka AZERTY. Bila mfasiri wa Tanga nisingetazama kabisa.

La tatu ndipo nilipoipata: Latitude 5490, i5-8350U, RAM GB 8 kwenye nafasi moja na nyingine iko tupu, SSD GB 256. Niliinamia bawaba nikasikiliza, kimya. Tukaifuta na kuisajili upya kwa bando langu, dakika hamsini, mwenye duka akaniletea kiti. Betri ilitoka kiwandani na 68,000, imebaki na 54,000 na kitu. Chaja waliyonipa kwanza, mashine ilipowaka ikaandika kwamba haiitambui. Nikaigeuza nikaangalia: kisindano kimepinda. Wakabishana nami kidogo, halafu wakatoa nyingine ya wati 65 na ule ujumbe haukurudi. Alianza laki saba na ishirini, tukamaliza laki sita na arobaini.

Jana saa kumi na nusu umeme ulikatika, vijana wanne wamekaa, mmoja yuko kwenye ukurasa wa mwisho wa kupakia vyeti. Nilichomoa chaja, nikawasha intaneti ya simu, tukaendelea. Wa nne alipomaliza, betri ilikuwa asilimia 41.

Fundi, elfu sitini iliyobaki nataka iwe RAM ya pili. Wiki ijayo nakuja mjini. Naomba nikuletee uikague mezani kwako kabla sijailipia.