Tamasha la kimataifa la vitabu likija kwetu, mwandishi asome kwa lugha gani?

MWALIMU WA UJIJI
Wadau habari za jioni. Nafundisha sekondari huku Ujiji na hili jambo limenikaa rohoni. Kuna wanaotaka Tanzania tuwe na tamasha kubwa la fasihi kama Edinburgh walioanza 1983 au Hay kule Wales walioanza 1988, waandishi watoke nchi mbalimbali waje kuongea, kusoma na kusaini vitabu. Mi naunga mkono kabisa. Ila kila anayelielezea analiona kwenye ukumbi wa hoteli, Kingereza mwanzo mwisho, na hapo ndo nakataa. Mgeni asome kwa lugha aliyoandikia, halafu kipande kilekile kisomwe kwa Kiswahili na mtu hodari, wa redio au wa maigizo, na usomaji upewe muda mrefu kuliko maongezi.

Wenzetu wanafanya. Berlin wana tamasha la kimataifa tangu 2001, mwandishi anasoma kwa lugha yake iwe Kiarabu iwe Kihispania, kisha mwigizaji anasoma tafsiri ya Kijerumani, na maongezi yana mkalimani. Watu wanakata tiketi kwenda kusikiliza kitabu kinasomwa! Sijasikia mtu akisema lile si la kimataifa eti kwa sababu wamesomewa Kijerumani.

Chukueni mwandishi Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, Nobel ya Fasihi ya 2021. Riwaya yake ya Paradise ilitoka 1994, ina kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake na msafara wa biashara unaotoka pwani kuingia bara, njia za misafara zilizokuwa zinafika hapahapa Ujiji jamani. Kiswahili chake, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kimetoka 2022. Miaka 28 hiyo watu wa huku ambao hadithi inawahusu hawakuwa na namna ya kuisikia kwa lugha yao. Niliwasomea kidato cha tatu kurasa chache kwa sauti, wakaanza kubishana yule baba alikosea au alibanwa, kengele ikalia na hakuna aliyenyanyuka. Watoto wale wale tuliwahi kuwapeleka mjini kumsikiliza mwandishi mgeni, akaongea Kingereza saa nzima, maswali yalipofunguliwa wakainama tu, wakauliza watu wawili wa mashirika basi kikao kikaisha.

KIJANA WA GUNGU
Mwalimu heshima yako ila naomba kutofautiana. Mwandishi mkubwa anakuja kwa sababu atakutana na wachapishaji na waandishi wenzake, na hao lugha inayowakutanisha ni Kingereza. Ukalimani ni pesa, kuna vifaa vya masikioni, kuna mtu wa kutafsiri kurasa kabla, nani analipa? Tamasha linaishi kwa wafadhili na wafadhili wanataka video itakayoeleweka dunia nzima. Na vijana wetu wanaoandika Kingereza unawaweka wapi, wao si Watanzania?

MAMA VITENGE, KIBIRIZI
Nyie mnabishana Kingereza na Kiswahili mmesahau ng'ambo ya ziwa. Wateja wangu wanashuka na boti kutoka Kalemie na Uvira kule Kongo, shule walisoma Kifaransa, na Warundi pia hivyohivyo, na wote tunaelewana Kiswahili, chao kina mwendo wake lakini tunaelewana. Mwandishi wa Lubumbashi ukimwekea Kingereza umemfungia nje yeye na mimi pia. Mi kitabu nitakisikiliza mwalimu, kusoma chote peke yangu muda sina, lakini kusomewa hata saa mbili nitakaa.

MWALIMU WA UJIJI
Mama, hiyo ya ng'ambo ni hoja nzito, tungeanza nayo. Kimataifa kwa mtu wa Kigoma kinaanzia Kibirizi, hakisubiri ndege itoke Ulaya.

Mdogo wangu wa Gungu, kwanza pesa. Sisemi kitabu kizima kitafsiriwe, ni kurasa nane kumi ambazo mgeni atasoma. Mwalimu Nyerere aliyesoma Tabora na kufundisha hapohapo Tabora alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare nzima, ikatoka 1963 tayari ni rais wa nchi. Sasa tamasha lenye wafadhili lishindwe kurasa kumi? Vijana wanaoandika Kingereza wasome Kingereza chao, siwanyimi, kisha wafuate utaratibu uleule na watu wa kwao wawasikie, naamini hata wao wanalitamani hilo.

Ila kwamba wafadhili ndo waamue lugha, hapo sirudi nyuma. Juni 1962 pale Makerere walikutana waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kingereza, na Shaaban Robert hakuwa na sifa ya kuitwa kwa sababu kaandika Kiswahili, mwezi huohuo akafariki. Mshairi mkubwa kuliko wote tuliokuwa nao! Nikiwaza hilo naumia, na sitaki tamasha lenye bendera yetu mlangoni liwaweke nje waandishi wa Kiswahili na wasomaji wao kwa mara ya pili.

KIJANA WA GUNGU
Hapo kwenye kurasa kumi umenipata, nakubali. Maongezi bado siafiki. Kusoma kunaandaliwa, ila swali la papo kwa papo mkalimani akipinda jibu la mgeni, watu wanaondoka na kitu ambacho hajasema, tena wanamnukuu.

MWALIMU WA UJIJI
Hiyo hofu ni ya kweli. Dawa yake mkalimani apewe kitabu mwezi mzima kabla akisome chote, akae na mwandishi siku moja waulizane, na alipwe vizuri. Tabia ya kumpa karatasi asubuhi ya tukio ndo inayoleta majibu yaliyopinda. Wewe ungemchagua nani asimame pale, mwalimu wa Kiswahili au mwanahabari?