Darasa la Nne, wengine bado wako kwenye silabi: kupanga makundi kwa kiwango kunafanywaje?

mwl_darasani: Wakuu, habari za kazi. Darasa lina watoto 80. Wapo wanaosoma hadithi bila shida, wapo wanaokwama kwenye silabi. Wataalamu wanashauri mtoto afundishwe kwa kiwango chake, si kwa darasa alilopo. Upimaji ukoje? Na kuwatenga hakuwaumizi walio nyuma?

kipimo_aya: Mwalimu, karatasi moja inatosha. Pratham, shirika la elimu la India, wanaitumia tangu 2005 kwenye upimaji wao wa ASER, nasi tukaipata kupitia Uwezo, upimaji wa watoto wa Afrika Mashariki, kuanzia 2009. Ina silabi, maneno, aya fupi na hadithi ya kiwango cha Darasa la Pili.

Anza na aya. Akiisoma kwa mtiririko, makosa yasizidi matatu, mpe hadithi. Akikwama, rudi kwenye maneno: achague matano, apate angalau manne. Akishindwa, silabi kwa utaratibu huohuo. Ngazi ya juu aliyoimudu ndiyo kundi lake.

Mpime mmoja mmoja, mbali na wenzake, la sivyo wa tatu kwenye foleni atakuwa ameshaikariri aya. Silabi zichanganye: ti, ko, ba, me, lu. Ukiziandika ba, be, bi, bo, bu, mtoto atakuimbia zote, kisha umwoneshe "bo" peke yake anyamaze. Picha ondoa kabisa: kwenye picha ya fahali atasema "ng'ombe" hata kama neno lililoandikwa ni "fahali". Anayesoma "kula" kama "kura" kwa sababu ndivyo anavyozungumza, usimhesabie kosa.

sera_na_darasa: Kuhusu kuwatenga: wanauchumi Duflo, Dupas na Kremer walifuatilia shule 121 za magharibi mwa Kenya, Darasa la Kwanza likigawanywa mikondo miwili: karibu nusu ya shule kwa alama za mwanzo, zilizobaki kwa bahati nasibu. Kwenye zile za alama, waliokuwa juu walipanda, na waliokuwa chini walipanda pia, kwa kuwa mwalimu aliweza kufundisha pale watoto walipo.

Kinachoumiza ni kundi lisilobadilika. Kwa hiyo makundi yawe ya saa moja kwa siku tu, kisha watoto warudi darasani kwao. Pima tena katikati ya muhula, aliyepanda ahame siku hiyohiyo. Na tafadhali, kundi la silabi lisipewe mwalimu asiye na uzoefu. Hilo ndilo linalohitaji fundi.

Saa hiyo iandikwe kwenye ratiba. India walishawahi kutoa mafunzo na vifaa bila kutenga muda, walimu wakarudi kukimbizana na muhtasari, matokeo hayakuonekana. Jimbo la Haryana, hukohuko India, walipotenga saa maalumu na kuweka usimamizi, kusoma kukapanda.

mwl_darasani: Nashukuru sana. Na mwalimu akiwa mmoja tu?

kipimo_aya: Fanya makundi mawili: silabi na maneno upande mmoja, aya na hadithi upande wa pili. Wa pili wasome wawiliwawili, kisha waandike sentensi tano za walichosoma, wewe ukiwa umekaa na wa kwanza. Hao wa kwanza usiwafungie kwenye chati ya silabi saa nzima. Wasomee aya fupi kwa sauti, wafuatishe kwa kidole, ndipo mchukue silabi kutoka humohumo na kuunda maneno mapya kwa kadi.

kasi_ya_kusoma: Nyongeza moja. Mkipima kasi kwa dakika, msichukue viwango vya Kiingereza. "Hawajamletea" ni neno moja kwetu, kwa Kiingereza ni sentensi nzima. Ndiyo maana Kenya, kwenye Tusome, mpango wake wa kusoma kwa madarasa ya mwanzo, iliweka maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Na akimaliza kusoma muulizeni maswali mawili ya ufahamu, maana Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa: mtoto anaweza kukisoma vizuri bila kuelewa chochote, hasa kama nyumbani wanaongea lugha nyingine.