Kununua simu online ukiwa Mtwara, mnaaminije?

Mdau wa Chikongola: Wakuu hela ya korosho imeingia nataka simu. Madukani hapa bei imechangamka, kuna page ya Insta ya Kariakoo wanauza rahisi ila wanataka nitume hela yote kwanza ndo wapakie kwenye basi. Vipi hapo?

Mwana Mkanaledi: Usitume mzee. Hela ikishatoka, kumpata mtu wa Dar ukiwa huku ni kazi. Mwambie unalipa mzigo ukifika stendi, akikataa achana nae. Ukiipokea washa palepale, piga *#06# zitoke IMEI (namba za utambulisho wa simu), zitume kwa meseji kwenda 15090 utajibiwa ni modeli gani, jibu likisema simu ya batani na ww umeshika tachi rudisha. Toka TCRA (mamlaka ya mawasiliano) wazime simu feki Juni 2016 watu wameisahau hii kitu

Dada wa Lindi: Na GB muwe macho, wakiandika 256 msiamini namba ya kwenye settings inachezewa, jaza video nzito uone kama zinafunguka.. Hawa wauzaji wangekubali kulipwa mzigo ukifika wangeuza sana huku kusini, hela watu wanayo

Mdau wa Chikongola: Asante dada, 15090 nilikua siijui. Namuuliza leo leo kama atakubali nilipie stendi