Plagi ya silinda namba 3 imelowa oili, fundi anasema injini ishushwe

Mwendo_Pole
Wakuu, habari zenu. Naombeni mnisaidie kusoma plagi kabla sijaingia gharama kubwa. Gari langu ni la petroli, silinda nne. Asubuhi linamisi (injini inarukaruka, haichomi sawasawa) kama dakika moja hivi, halafu linatulia. Jana fundi alifungua plagi zote. Tatu ni za kahawia iliyopauka, kama biskuti. Ya namba 3 imelowa oili kuanzia kwenye nyuzi za kufungia hadi nchani. Akaitupia jicho mara moja tu, akasema ringi za pistoni zimekwisha, oili inapenya ndani ya silinda. Nimeishiwa nguvu, maana halitoi moshi wa bluu wala oili haipungui. Plagi ninazo, nimeziandika namba.

Spana_14
Kuziandika namba umefanya jambo la maana sana mkuu. Wengi huzichanganya, na ushahidi wote unapotea hapo.

Kahawia hafifu au kijivu ni injini inayochoma vizuri. Masizi meusi makavu, yanayobaki kidoleni, mara nyingi ni petroli kuzidi hewa au eya klina kuziba, ingawa hata gari lililounguruma muda mrefu bila kutembea huyapata. Ikiwa nyeupe pe yenye vipele vya kuyeyuka, joto limezidi, na hiyo si ya kusubiri kesho.

Yako nataka kujua kitu kimoja. Koili, ile inayoipa plagi umeme, ilipochomolewa, shimoni inamokaa plagi mlikuwa na oili?

Mwendo_Pole
Ndiyo mkuu, mpira wa koili ulitoka umelowa kabisa.

Spana_14
Basi usishushe injini kwanza. Oili ilikuwa imetuama juu ya plagi. Plagi ikilegezwa tu, oili hiyo inateremka na nyuzi hadi ncha inalowa, na mtu akiiona anadhani imetoka ndani. Futa ncha kwa kitambaa kikavu, brashi ya waya usiiguse, kisha tazama rangi iliyo chini yake. Oili iliyopenya kwenye ringi au sili za valvu huwa imeungua, inaacha ukoko mweusi uliong'ang'ania ambao kitambaa hakiutoi.

Dada_Gia
Kaka, ukiwa unaangalia, ukiona duara la kahawia kwenye kauri nyeupe ya plagi, pale juu tu ya sehemu ya kushikia spana, lisikutishe. Mimi niliwahi kutupa plagi nne nzima kwa sababu yake, nikidhani moto unavuja. Ni chembe za oili zilizo hewani, umeme mkubwa unazivuta zinaganda pale. Kinachotisha ni ufa, au mstari mweusi unaoshuka wima kwenye kauri.

Mwendo_Pole
Nimefuta. Chini ni kahawia ileile kama wenzake! Ila dada, huo mstari upo. Mwembamba kama wa penseli, unashuka hadi kwenye chuma.

Spana_14
Misi yako ndiyo hiyo. Umeme unaruka pembeni ya kauri badala ya kufika nchani. Plagi hiyo badilisha pamoja na mpira wa koili, maana mpira nao huwa na njia yake ya umeme, ukiurudisha utaharibu plagi mpya. Oili yenyewe inatoka kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, kagua gasketi na sili za mashimo ya plagi. Na mwambie fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo, ya silinda zote. Hakuna sababu ya kuzihukumu ringi bila kipimo.

Mwendo_Pole
Nimerudi wakuu. Kompresheni ya zote nne imekaribiana. Sili ya shimo la namba 3 tumeikuta ngumu kama plastiki, imepasuka upande mmoja. Sasa plagi nibadilishe moja au zote?

Dada_Gia
Tazama electrodi ya kati, ile ncha ya chuma ambako cheche inaruka. Mpya kingo zake ni kali, iliyochoka imekuwa mviringo na pengo limepanuka. Za nikeli kwa kawaida huenda kilomita 30,000 hadi 50,000, za iridiamu hufika 100,000 hivi. Zikikaribia hapo, badilisha zote. Pengo fuata kitabu cha gari, na za iridiamu usizigongegonge kurekebisha, ncha yake ni nyembamba, inavunjika.

Spana_14
Nyonya oili yote shimoni kabla ya kufunga. Injini iwe imepoa, anza kwa vidole hadi plagi ikae, ndipo ushike spana.